WANGA ULEULE, MATUMBO MAWILI

Mwezi huu tunaingia jikoni. Tunataka tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho kila nyumba ya Shinyanga na Geita hukila asubuhi, mchana na jioni, lakini ambacho wengi wetu hatujapata kukitazama kwa makini. Kitu hicho ni wanga. Ugali wa mahindi una wanga. Mtama, ulezi, muhogo, viazi vitamu, wali na chapati, vyote ni wanga. Tukila michembe wakati wa kiangazi, tunakula wanga uliokaushwa. Tukinywa togwa, tunakunywa wanga uliochachuka.

Aghalabu watu hutuuliza: je, chakula gani ni bora, mahindi au mtama? Unga mweupe wa sembe au dona? Haya ni maswali mazuri, lakini lipo swali jingine ambalo halipewi nafasi ya kutosha: wanga huo umefanywa nini kabla ya kufika mdomoni? Umechachuliwa? Umeoteshwa? Umetiwa magadi? Umepikwa ukaliwa moto, au umepoa? Au umepita kiwandani ukabadilishwa kwa dawa? Msimamo wetu katika makala haya ni kwamba namna wanga unavyotendewa ina uzito sawa na aina ya nafaka yenyewe. Tena tunasema kwamba wanga unaomfaa mtoto mchanga sio unaomfaa mtu mzima mwenye kisukari. Familia nyingi huwapa wote chakula kimoja kutoka sufuria moja, na hapo ndipo tunapoumia.

CHEMBE NDOGO SANA

Wanga haukai ovyo ndani ya nafaka. Umefungwa katika chembe ndogo ambazo huonekana kwa hadubini tu. Chembe za wanga wa mahindi ni ndogo kiasi kwamba hata hamsini zikipangwa mstari hazifiki milimita moja. Ndani ya kila chembe kuna minyororo mirefu ya sukari. Minyororo mingine imenyooka, nayo huitwa amilosi. Mingine ina matawi kama mti, nayo huitwa amilopektini. Minyororo hiyo imepangwa kwa kubana sana, mithili ya mikeka iliyokunjwa na kufungwa kamba.

Mwili wetu hauwezi kutumia mnyororo mzima. Ni lazima ukatwe vipande vipande mpaka iwe sukari ya kuingia katika damu. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho amilasi. Kinaanza kazi katika mate, kisha kingi zaidi hutoka katika kongosho na kumwagika ndani ya utumbo mdogo. Amilasi ni kama mkasi. Lakini mkasi haukati nguo iliyo ndani ya sanduku lililofungwa, na chembe mbichi ya wanga ni sanduku la namna hiyo. Ndiyo maana hatuli unga mbichi.

Tunapopika kwa maji, joto linapopita nyuzi 60 hivi, chembe hunywa maji, huvimba na kupasuka. Minyororo hulegea, na uji huwa mzito. Hapo mkasi hupata njia. Basi kila jambo linaloifanya chembe ifunguke kwa urahisi huharakisha kumeng'enywa kwa chakula, na kila linaloifunga au kuiziba huchelewesha. Msomaji akilishika hilo moja, mengine yote yatakayofuata atayaelewa.

WANGA WA KIWANDANI

Katika maduka ya Kahama, Katoro na Geita mjini siku hizi kuna makopo, chupa na pakiti nyingi kuliko zamani. Fedha ya dhahabu imeleta bidhaa. Kadiri mchimbaji anavyopata, ndivyo anavyotaka kumpa mwanawe kile anachokiona kuwa ni cha kisasa. Hatumlaumu mzazi kwa kumpenda mtoto wake. Tunamwomba asome kopo.

Viwanda vingi vya chakula duniani havitumii wanga kama ulivyotoka shambani. Huubadilisha kwa dawa ili usikatike unapopikwa kwa joto kali, usitoe maji unapokaa muda mrefu, na ukae mzito unavyotakiwa. Njia ni nyingi. Ya kwanza ni kuishona minyororo kwa madaraja ya fosfati, hata chembe isivimbe kupita kiasi. Ya pili ni kubandika vijisehemu vya kemikali juu ya minyororo, mathalani asetili au haidroksipropili, ili minyororo isikaribiane tena. Ya tatu ni kuikata mifupi kwa tindikali, na ya nne ni kuiunguza kidogo kwa dawa ya klorini. Katika orodha ya vilivyomo, wanga kama huo hutambulikana kwa namba zinazoanza na 14, mathalani E1412, E1420, E1422 au E1442. Mara nyingi huwamo katika sosi za nyanya, supu za pakiti, mtindi wa kiwandani na baadhi ya vyakula vya watoto vya makopo.

Je, mabadiliko hayo yanafanya nini tumboni? Jibu lake halina neno moja. Vile vijisehemu vilivyobandikwa vinakuwa kama miiba juu ya mnyororo. Mkasi wa amilasi ukifika penye mwiba hushindwa kukata, huruka, huenda kukata mahali pengine. Miiba ikiwa michache, wanga uliopikwa humeng'enywa karibu sawa na wa kawaida. Miiba ikizidi, sehemu kubwa zaidi hupita bila kukatwa. Kushona kwa fosfati nako ni hivyo hivyo: mshono mwepesi hauzuii sana, mshono mzito hufunga chembe kabisa. Ajabu ni kwamba chembe mbichi iliyobandikwa vijisehemu vichache huweza kulegea na kumeng'enywa kwa urahisi kuliko chembe mbichi isiyoguswa. Kwa hiyo anayesema "wanga wa kiwandani ni sumu" anakosea, na anayesema "ni sawasawa tu na unga wetu" anakosea pia. Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani imezipitia aina zinazotumika katika vyakula na kuzikubali. Shida yetu sisi si sumu. Shida ni kwamba uzito wa sosi au wa chakula cha kopo si ushahidi wa lishe. Uzito unaweza kutengenezwa kwa wanga kidogo na maji mengi, na mzazi akalipa fedha ya samaki wa wiki nzima.

Hospitalini nako kuna funzo. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi nyingi walitumia dripu iliyotengenezwa kwa wanga wa mahindi au viazi uliobandikwa vijisehemu ili amilasi iliyomo katika damu isiukate upesi. Nia ilikuwa njema: kuifanya dripu ikae ndani ya mishipa muda mrefu. Mwaka 2012 uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi za kaskazini mwa Ulaya ulionyesha kwamba wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu waliopewa dripu hiyo walikufa wengi kuliko waliopewa dripu ya kawaida isiyo na wanga, na figo zao ziliumia zaidi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulisimamisha dawa hiyo. Somo ni kwamba kukifanya kitu kiwe kigumu kuvunjika si lazima kuwe faida. Inategemea kinaingia wapi, na kwa nani.

MABADILIKO YA JIKONI KWETU

Hata hivyo tusidhani kwamba kubadilisha wanga kulianza na viwanda vya Ulaya na Marekani. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo bila kuwa na hadubini. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni uchachu. Uji uliochachuka na togwa vina tindikali inayotengenezwa na vijidudu vizuri. Tindikali hiyo hupunguza kasi ya chakula kutoka katika mfuko wa tumbo, na kwa hiyo sukari huingia katika damu polepole. Tena hufukuza vijidudu vibaya. Watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walichapisha mwaka 1994 matokeo ya kazi yao hapa Tanzania: watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa walipatwa na kuhara mara chache kuliko wenzao. Kwa sehemu zetu, ambako maji safi ni taabu na choo ni cha kushirikiana kambi nzima, jambo hili si dogo.

La pili ni magadi. Wengi wetu huyatia katika maharage, mlenda na makande ili viive upesi. Kweli magadi hulainisha, nayo huifanya chembe ya wanga ivimbe mapema. Lakini magadi pamoja na moto huiharibu vitamini B1, ambayo ndiyo hasa mwili unaihitaji ili kuutumia wanga. Hivyo tunafungua sanduku kwa mkono mmoja na kutupa ufunguo wa chumba cha pili kwa mkono mwingine. Zaidi ya hayo, magadi mengi ya nchi yetu yana floridi nyingi, na maji ya visima katika sehemu kadhaa za Shinyanga nayo yana floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatokana na mzigo huo, na mifupa nayo huathirika. Ushauri wetu ni mwepesi: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Katika chakula cha mtoto, magadi yasitiwe kabisa.

La tatu ni kimea, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nafaka ikiloweshwa na kuanza kuota, huamsha amilasi yake yenyewe ili kuupa mche chakula. Ukiikausha na kuisaga wakati huo, unga wake ni mkasi uliokwisha kunolewa. Wapika pombe wa Usukuma wanaijua kazi hiyo tangu zamani. Wanaita kimea, na kwao ni jambo la kawaida. Masikitiko yetu ni kwamba elimu hiyo imebakia katika pipa la pombe, wakati mtoto wa jirani ananyong'onyea kwa utapiamlo.

TUMBO LA KWANZA: MTOTO

Hebu tupige hesabu. Mfuko wa tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hubeba basi kama mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai hivi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya vizuri huhitaji kalori 550 kwa siku kutoka katika chakula kingine mbali na maziwa ya mama. Wa miezi 9 hadi 11 huhitaji 300, na wa miezi 6 hadi 8 huhitaji 200.

Sasa tutazame uji wetu. Unga ukifika sehemu moja katika kumi ya uji, uji huwa mzito kiasi kwamba mtoto hushindwa kuumeza. Mama anafanya nini? Anaongeza maji. Kikombe cha mililita 200 cha uji wa namna hiyo kina unga wa gramu 20 tu, yaani kalori 70 hivi. Vikombe vitatu kwa siku vinampa kalori 210. Tumbo limejaa, mtoto analala, mama anaridhika. Kumbe mtoto amepata chini ya nusu ya mahitaji yake. Hakunyimwa chakula. Amejazwa maji yaliyoshikwa na chembe zilizovimba.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ililitambua tatizo hili mapema. Mwaka 1983 Mosha wa taasisi hiyo na Svanberg wa Sweden walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kimea kidogo kikitiwa katika uji mzito sana, uji huo huwa mwepesi baada ya dakika chache, bila kuongezwa maji. Mama anaweza kutia unga mara mbili, na mtoto bado akaweza kunywa. Kikombe kilekile cha mililita 200 sasa kina kalori 140, na vikombe vitatu ni 420. Ongeza kijiko cha chai cha mafuta katika kila kikombe, ambacho ni kalori 40 hivi, na hesabu imetimia.

Mbona basi jambo hili halikuenea? Tunasikia majibu mawili. Wengine husema kimea ni cha pombe, hakifai kupewa mtoto. La hasha! Kimea peke yake si pombe. Pombe huja baadaye, hamira inapoila ile sukari kwa siku kadhaa. Wengine husema mama hana nafasi: analima, anateka maji, anaponda mawe mwaloni toka asubuhi. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuipuuzi. Lakini kimea cha nusu kilo hutosha mtoto mmoja kwa wiki nyingi, kwani kinachotumika ni kijiko cha chai kwa kila bakuli. Akina mama watano wa jumuiya moja wakipokezana, kila mmoja ataotesha mara chache tu kwa mwaka.

Njia yenyewe ni hii. Osha ulezi au mtama, loweka usiku mmoja. Mwaga maji, tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika, nyunyizia maji safi kila siku. Baada ya siku mbili au tatu, miche itakapolingana na urefu wa punje, anika juani mpaka ikauke kabisa. Sugua kwa mikono uondoe miche na mizizi yote, pepeta, kisha saga. Kwa mtama, kuondoa miche ni lazima, maana miche ya mtama ina sumu ya sianidi. Asiye na uhakika atumie ulezi. Pika uji mzito kama ugali laini, uepue, uache upoe kidogo mpaka usiunguze kidole, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga. Ukilainika, urudishe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu. Kimea kisitiwe katika uji unaochemka, kwa kuwa moto mkali huua amilasi kabla haijafanya kazi.

Tusisitize mambo mawili. Kwanza, kimea hakina maana kama unga hauongezwi. Mama akitumia kimea kulainisha uji uleule mwepesi, hajafanya kitu. Pili, wanga ni kuni tu, haujengi ukuta. Mtoto anahitaji dagaa wa Ziwa Viktoria waliosagwa, mayai, maharage yaliyopondwa, mboga za majani na matunda. Hapa tuseme neno juu ya "unga wa lishe" unaouzwa masokoni ukiwa na nafaka tano au sita ndani ya mfuko mmoja. Nafaka sita ni wanga mara sita. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele haviwi nyama kwa kuchanganywa. Ukichanganywa na karanga na kukaa miezi dukani, huwa na hatari ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya kati ya nchi yetu kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Nunua karanga nzima, chambua, saga kidogo kidogo.

Na kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, jibu ni fupi: asipewe uji wa aina yoyote. Kongosho lake bado halitoi amilasi ya kutosha. Maziwa ya mama yanatosha, nayo yana amilasi yake yenyewe, ambayo humsaidia mtoto hata anapoanza kula uji. Hakuna kiwanda kilichopata kutengeneza kopo la namna hiyo.

TUMBO LA PILI: MTU MZIMA MWENYE KISUKARI

Sasa tugeuze upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 katika vijiji sita vya Tanzania ulikuta kwamba wenye kisukari hawakufika mtu mmoja kati ya mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya mia wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Namna za kupima hazikuwa sawa, lakini hakuna asiyeona kwamba ugonjwa umekua. Katika miji ya migodi mtu aliyekuwa akishinda na jembe sasa anashinda dukani au juu ya pikipiki, huku akila sembe nyeupe, chipsi, chapati na soda.

Kwa mtu huyu, wanga unaofunguka upesi ni adui. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba vyakula vyenye wanga wa kiasi kilekile havipandishi sukari ya damu sawasawa. Maharage hupandisha polepole, mkate mweupe hupandisha upesi. Sababu mojawapo ni ile tuliyoieleza: sanduku lililofungwa na sanduku lililofunguliwa. Unga uliokobolewa na kusagwa laini sana umefunguliwa mno. Dona la chenga chenga na maharage mazima havijafunguliwa sana.

Ipo pia habari ya kupoa. Wanga uliopikwa ukipoa, baadhi ya minyororo hujipanga upya na kufungamana, na mkasi hushindwa kuikata. Viazi vilivyopoa au ugali uliopoa huwa na sehemu kidogo ya wanga usiomeng'enywa katika utumbo mdogo, na ukipashwa moto sehemu yake hubaki hivyo. Faida hiyo ni ndogo. Mtu asije akala kiporo sahani tatu akisema ni dawa. Na kiporo kilicholala usiku kucha mezani, hasa wali, huotesha vijidudu vya kuharisha na kutapisha. Mwenye kisukari apunguze kiasi cha ugali, aongeze mboga na maharage, atembee, na afuate dawa na mashauri ya kliniki.

Hapa ndipo tunapoona ubaya wa sufuria moja. Uji wa kimea unaomwokoa mjukuu utampandishia babu sukari. Dona gumu na makande yanayomfaa babu yatamshinda mjukuu wa miezi minane. Wanga ni uleule. Matumbo ni mawili.

KINACHOPITA HAKIPOTEI

Wanga usiokatwa katika utumbo mdogo hauendi chooni moja kwa moja. Huingia utumbo mpana, na huko vijidudu vyema huuchachua na kutengeneza tindikali laini zinazolisha ukuta wa utumbo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda hadi miaka ya 1960, aliwaeleza Wazungu kwamba Waafrika wa vijijini walipatwa mara chache na magonjwa ya utumbo mpana kwa sababu ya makapi katika chakula chao. Watafiti waliokuja baadaye wameongeza kwamba wanga usiomeng'enywa nao unashiriki. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, India, walichapisha habari kwamba wagonjwa wa kipindupindu, vijana na watu wazima, waliopewa maji ya chumvi na sukari pamoja na wanga mgumu kumeng'enywa waliacha kuharisha mapema zaidi. Hatusemi mtu atengeneze dawa hiyo nyumbani. Anayeharisha anywe maji ya pakiti za zahanati na awahishwe. Tunasema tu kwamba hata kile kinachopita kina kazi yake.

TAHADHARI ZA SEHEMU ZETU

Muhogo ndio mkombozi wa Geita mvua zinapokosekana. Lakini muhogo mchungu una sianidi, na huko kuvundika, kuloweka, kuponda na kuanika ndiko kunakoiondoa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Ulihusishwa na kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka huku chakula chenye protini kikikosekana. Njaa hufupisha siku za kuvundika udaga. Tusikubali.

Na jambo la mwisho ni la migodi yetu wenyewe. Michembe, makopa na kimea visianikwe karibu na karasha wala mwaloni, wala mahali zebaki inapochomwa. Vumbi la mawe na mvuke wa zebaki havionekani juu ya unga, wala haviondoki kwa kuchemsha. Chombo kilichoshika zebaki kisirudi jikoni kamwe.

TUNACHOKIOMBA

Kwa nchi nzima, udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 34 mwaka 2015–16, nao ulishuka hadi asilimia 30 mwaka 2022. Tumesogea, lakini bado ni watoto watatu kati ya kumi. Wala hatuwezi kusema ni umaskini tu, kwa maana tunawaona watoto waliodumaa katika nyumba zenye pikipiki mbili na televisheni.

Kwa hiyo tunaomba haya. Wauguzi wa kliniki za watoto wasiishie kumwambia mama "mpe uji mzito". Wamwonyeshe kwa vitendo namna ya kuufanya uji uwe na unga mwingi na bado umezeke. Wazee wa kike wanaojua kuotesha wawafundishe vijana, wala wasione haya kwamba elimu yao imetoka kwenye pipa la pombe. Wenye maduka waache kumwambia mama kwamba kopo lenye picha ya mtoto mnene ndilo litakalomnenepesha mwanawe. Na akina baba, mnaporudi kutoka duarani na fedha mkononi, kabla ya kununua kopo la bei kubwa, nunueni kilo moja ya ulezi, kibaba cha dagaa na chupa ndogo ya mafuta. Kisha muulizeni mama kama ana mtu wa kumsaidia kuotesha kimea wiki hii.